Haimezwi, haitafunwi... inabandikwa kwenye fizi!

Wapo watu mjini hapa ambao hawacheki. Hawana maringo, na utani wanauelewa vizuri tu. Kikinoga kijiweni wanafunika mdomo kwa kiganja, wanageukia pembeni, ukiwanunulia soda wanaomba mrija. Ukibahatika kuchungulia utaona ulimi umepigwa chokaa: utando mweupe kama maziwa yaliyoganda, ukiukwangua unatoka na kuacha pekundu panapochonyota.

Hiyo ni fangasi ya mdomoni, msomaji wangu. Anayeileta anaitwa kandida, na ukoo wake ni mmoja na hamira ya maandazi. Huyu kandida anaishi kinywani mwa watu kibao bila fujo wala kelele. Anaanza vurugu pale walinzi wa mwili wanapolala. Watoto wachanga wanampata. Wazee wenye meno ya bandia wanampata. Wenye kisukari, waliomeza antibayotiki mfululizo, hata mwenye pumu anayevuta dawa ya steroidi halafu hasukutui, wote wamo.

Lakini tusidanganyane. Kijana akionekana na ulimi mweupe, mtaa unajua jibu moja tu. Miaka ya 1990, kabla dawa za kupunguza makali ya Ukimwi hazijafika kwa watu wa kawaida, ulimi huo ulikuwa kama tangazo la redio. Mtu alikuwa hajapima, majirani walishamsomea majibu. Dawa zimefika, watu wanaishi, wanaoa na kuolewa, ila mdomo wa mtaa haujapona. Ndiyo maana mtu anaficha ulimi badala ya kuutibu.

Na kuutibu kwenyewe kuna kasheshe yake.

MATE HAYANA ADABU

Kinywa chako kinatoa mate kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku. Hebu piga picha: chupa kubwa ya maji ya kunywa, na yote unayameza mwenyewe kidogo kidogo bila kujua. Ongeza ulimi usiotulia, chai, chapati, maneno mengi. Ukidondosha dawa mle ndani, dakika chache tu imeshasombwa kwenda tumboni, na huko kandida wa kwenye ulimi hayupo.

Kwa hiyo mtu anapewa matone ya nistatini, anaambiwa adondoshe mara nne kwa siku. Anadondosha, anameza palepale kwa sababu konda anapiga kelele na daladala inaondoka. Saa sita yuko kazini, chupa ameiacha nyumbani au anaona soni kuitoa mbele ya wenzake. Wiki ikiisha ulimi uko vilevile, halafu utamsikia, "Hii dawa feki."

Kuna utafiti uliofanyika Kinshasa, Hospitali ya Mama Yemo, nchi ikiwa bado inaitwa Zaire, ukachapishwa mwaka 1992. Madaktari walichukua wagonjwa wa Ukimwi wenye fangasi ya kinywa na koo wakawagawa makundi matatu. Wa kwanza walipakwa ile dawa ya zambarau, GV, ambayo kila aliyewahi kuchubuka goti shuleni anaijua. Wa pili walimeza vidonge vya ketokonazoli. Wa tatu walipewa nistatini. Wale wa GV na wale wa ketokonazoli, kama wanne katika kila kumi walisafika kinywa kabisa. Wa nistatini hata mmoja katika kumi hakufika.

Mimi si daktari, ila hapo pana jambo. GV ni dawa ya kizamani na ya bei ya chee, lakini ikishika imeshika. Nistatini inapita kama mgeni asiyevua viatu. Tatizo la GV kila mtu analijua: ukitoka hapo mdomo, meno na midomo vyote zambarau. Mtu aliyekuwa anaficha utando mweupe sasa anatembea na bendera. Tena mwaka 2019 Wizara ya Afya ya Canada iliwaonya watu wake waachane nayo kwa hofu ya saratani. Kwa mdomo wa kijana anayetafuta kazi au mchumba, GV imekula kwako mara mbili.

Sasa fikiria dawa inayoshika kama GV lakini haionekani. Unaiweka asubuhi, unaisahau, inajitoa yenyewe kidogo kidogo hadi jioni. Wataalamu wameihangaikia dawa hiyo miaka mingi, na ipo.

MLENDA, BAMIA NA JELI YA NYWELE

Siri yake ni vitu vinavyoitwa polima. Usikimbie, siyo somo la kemia lililokutoa jasho kidato cha tatu. Polima ni mnyororo mrefu sana wa vipande vidogo vinavyojirudia, kama shanga zilizotungwa kwenye uzi mmoja. Mlenda unaovutika kutoka sahanini hadi mdomoni ni polima hizo. Ute wa bamia ni hizohizo. Hata jeli ya nywele unayojipaka Jumamosi jioni, nyingi zake zimetengenezwa kwa polima inayoitwa kaboma. Soma nyuma ya kopo.

Kinywani nako kuna mnyororo wa aina hiyo. Fizi na mashavu yamefunikwa na ute, na ndani ya ute mna nyuzi ndefu zinazoitwa musini. Ukibandika polima kavu kwenye fizi yenye unyevu, kwanza inafyonza maji ya pale na kulainika. Nyuzi zake zinafunguka, zinajipenyeza katikati ya nyuzi za musini na kushikana nazo kwa mamia ya vishikizo vidogo vidogo. Kimoja kimoja ni dhaifu. Vikiwa vingi, hapatoki mtu. Nywele za rasta ndivyo zinavyofungana: hakuna gundi, ni kusokotana tu.

Umewahi kula ubuyu wa rangi, ukabaki umeng'ang'ania kwenye fizi hadi unautafuta kwa ncha ya ulimi? Basi umeshaonja kitu cha namna hiyo.

Ila vipimo vyake si mchezo. Maji yakizidi, polima inavimba kupita kiasi, inageuka utelezi na kuchomoka. Mdomo ukiwa mkavu kabisa, haipati cha kuanzia. Wapo wanaotumia kitosani, polima inayopatikana kwenye maganda ya kamba na kaa, kwa sababu ina chaji ya umeme iliyo kinyume na ya ute wetu, zikakutana zinavutana zenyewe. Wengine wanachanganya polima mbili, moja ya kunata haraka, nyingine ya kushikilia dawa isitoke yote kwa mkupuo. Maana kunata tu hakutoshi, bwana. Dawa yote ikitoka saa ya kwanza, kinachobaki kwenye fizi ni ganda tupu linalokukera.

MAMBO YALIANZA KITAMBO

Mwaka 1947 penisilini ilikuwa ndiyo kwanza inatamba duniani. Huko Marekani walichanganya penisilini na utomvu wa mti wa tragakanti na ule unga wa kushikilia meno ya bandia, ili dawa ikae kwenye utando wa kinywa. Nadhani aliyewaza hivyo alimwangalia babu anayepaka unga kwenye meno yake ya bandia, akajiuliza kwa nini meno peke yake ndiyo yafaidi. Kutoka kwenye majaribio ya namna hiyo zikaja dawa za kupaka kwenye vidonda vya mdomoni, zenye jelatini na pektini. Pektini ndiyo ileile inayogandisha jemu.

Wajapani wakaipeleka mbali. Profesa Tsuneji Nagai wa Chuo Kikuu cha Hoshi, Tokyo, na wenzake walibuni kidonge chembamba cha vidonda vya mdomoni, kikatoka sokoni kwa jina la Aftach. Kina pande mbili. Upande mmoja una kaboma na polima nyingine ya jamii ya pamba, na unanata. Upande wa pili haunati hata kidogo. Akili hiyo! Bila hivyo kidonge kingeshika fizi na shavu kwa pamoja, ukajikuta umeshonwa mdomo kama gunia.

Wabelgiji nao, Chuo Kikuu cha Ghent, walifanya kazi na wanga wa mahindi uliopikwa na kukaushwa, wakauchanganya na kaboma kidogo, wakatia mikonazoli ambayo ni dawa ya fangasi. Wanga wa mahindi, jamani. Aliyewahi kuosha sufuria ya ugali iliyokaa hadi asubuhi hahitaji profesa wa kumweleza habari za kunata.

KAMPALA WALISHAJARIBU

Hapa ndipo nilipokaa kitako. Kumbe dawa hii haikujaribiwa Ulaya na Marekani peke yake. Ilijaribiwa hapa jirani, Uganda, kwa wagonjwa zaidi ya 300 wenye virusi vya Ukimwi na fangasi ya kinywa, matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Nusu walibandikwa kidonge cha mikonazoli cha miligramu 10, mara moja kwa siku. Nusu walimeza ketokonazoli miligramu 400, nayo mara moja kwa siku. Siku saba.

Kidonge cha kubandika hakikuachwa nyuma. Matokeo yalikaribiana, na walioletewa adha na dawa walikuwa wachache upande wa kubandika. Zile ni dawa mbili tofauti, usizipime kilo kwa kilo kama nyanya, lakini angalia tu: miligramu 10 inayokaa mahali pa ugonjwa imesimama ulingoni na miligramu 400 inayozunguka mwili mzima, ikipitia ini, ikikutana na kila dawa nyingine uliyomeza.

Na ini ndilo lililoimaliza ketokonazoli. Mwaka 2013 wasimamizi wa dawa wa Marekani waliibana kwa sababu ya kuumiza ini, na wa Ulaya wakashauri vidonge vyake vya fangasi visimamishwe. Halafu kuna mgonjwa ambaye pamoja na virusi ana kifua kikuu. Yuko kwenye rifampisini, na rifampisini inaivunja ketokonazoli mwilini kabla haijafanya kazi. Kwa mtu kama huyo, dawa inayokaa kwenye fizi bila kuingia sana kwenye damu si anasa.

Wafaransa ndio waliofanikiwa kuiuza kwa jina kubwa. Kampuni ya BioAlliance Pharma ya Paris ilitoa kidonge cha mikonazoli miligramu 50 kinachoitwa Loramyc, kikaruhusiwa Ufaransa mwaka 2006. Marekani kikaruhusiwa mwaka 2010 kwa jina la Oravig. Kinatumia protini ya maziwa na polima ya jamii ya pamba. Kwenye vipimo vya watu wazima wenye afya kilikaa kwenye fizi wastani wa saa 15, na dawa ilikuwa nyingi zaidi kwenye mate saa ya saba. Saa 15! Ni kutoka unapopanda basi la alfajiri hadi taarifa ya habari ya usiku.

Walikipambanisha na vidonge vya kumung'unya vya klotrimazoli kwa wagonjwa zaidi ya 500 wenye virusi, huko Marekani, Canada na Afrika Kusini. Vya kumung'unya ni mara tano kwa siku. Cha kubandika mara moja. Siku 14. Wakatoka karibu sare, kama sita katika kumi walipona kila upande. Hapo wengine watasema, sasa faida iko wapi? Mimi nasema jaribu wewe kumung'unya pipi ya dawa mara tano kwa siku, siku 14, ofisini, bila mtu kukuuliza unakula nini. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa magonjwa ya kuambukiza wa Marekani kiliziweka zote mbili kwenye mwongozo wake kama chaguo la kwanza kwa fangasi nyepesi ya kinywa.

SIYO MUUJIZA

Nisikuuzie mbuzi kwenye gunia. Kidonge hiki ni cha fangasi iliyoko kinywani, tena ile isiyo kali. Ukimeza mate ukasikia maumivu kifuani, au chakula kinakwama na kuchoma njiani, ujue kandida ameshuka kwenye umio, na huko kidonge cha kwenye fizi hakifiki. Hapo ni flukonazoli ya kumeza, na ni hospitali, siyo duka la dawa la kona. Flukonazoli ni dawa nzuri, hata kwa fangasi kali ya kinywani ndiyo yenyewe. Ubaya wake ni ikitumiwa ovyo kila mwezi, kandida anaizoea.

Mwenye mzio wa protini ya maziwa, Loramyc haimhusu. Anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda lazima amwambie daktari kwanza, kwa sababu mikonazoli hata ya kinywani inaweza kuipandisha warfarini na mtu akavuja damu. Onyo hilo linahusu pia mikonazoli ya jeli, ambayo watu wanaiokota dukani kama dawa ya meno. Na mama mwenye kichanga: jeli hiyo haifai kwa mtoto wa chini ya miezi minne, inaweza kumziba koo. Kunata ni kunata, haichagui.

Tena kuna suala la mfuko. Kidonge kilichojaribiwa kwa jirani zetu kinauzwa nchi za watu kwa pesa ambayo hapa ni kodi ya chumba. Linaniudhi kuliko yote hili. Wagonjwa wa Uganda walitoa vinywa vyao, na wanga wa mahindi siyo dhahabu. Kaboma inapakwa kichwani na kila kinyozi. Mikonazoli ni dawa ya zamani. Ukijumlisha vitu vyenyewe, huoni kwa nini kisitengenezwe hapahapa kikauzwa kwa bei ya soda chache. Vyuo vyetu vina vijana wa famasia wanaofanyia utafiti ute wa bamia na mbuyu kila mwaka. Wenye viwanda mko wapi?

Kwa sasa basi, dawa uliyonayo ifanye ikae. Matone ya nistatini yatumie ukishakula, siyo kabla. Yazungushe mdomoni, yashikilie kadri unavyoweza, halafu ndipo umeze, na usinywe chochote kwa muda. Jeli ya mikonazoli vilevile, baada ya chakula, ipake pale penye utando na uiache. Meno ya bandia yatoe usiku uyasafishe, maana kandida anapenda kujificha kule. Mwenye pumu, sukutua kila ukishavuta dawa yako. Na kama wewe ni mtu mzima, huna meno ya bandia, huna kisukari unachokijua, hujatumia antibayotiki, na ulimi umekuwa mweupe, nenda kapime. Dawa zipo. Ulimi mweupe si hukumu ya kifo, lakini ni ujumbe.

Ikitokea umepata hicho cha kubandika, labda ndugu amekuletea na daktari amekuandikia, hivi ndivyo kinavyokaa. Ni asubuhi, ukishapiga mswaki. Mikono iwe mikavu. Pandisha mdomo wa juu, tafuta jino la chonge, kidonge kinakaa kwenye fizi juu yake, upande wa mviringo ukiigusa fizi. Shusha mdomo, bonyeza kwa nje kwa kidole sekunde 30. Kula na kunywa ni ruksa, ila bigijii weka pembeni. Kikidondoka kabla ya saa sita kupita, kirudishe palepale, na kikikataa weka kipya. Ukikimeza ndani ya muda huo, kunywa maji glasi moja, weka kingine, mara hiyo moja tu. Saa sita zikishapita, achana nacho hadi kesho. Kesho yake futa mabaki ya jana kwanza, kisha hamia chonge la upande wa pili.